KLABU MBILI NG'AMBO YA MTO KAGERA

Mwenye kusafiri kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Isaka na Kahama, akaingia wilaya ya Biharamulo kwa Nyakanazi na Lusahunga, kisha akashika milima ya Ngara mpaka Rusumo. Hapo mto Kagera huporomoka baina ya mawe kwa kishindo kikubwa, na juu ya mto pana daraja. Upande huu ni Tanzania, upande wa pili ni Rwanda. Vijana wengi wa pwani, madereva na utingo wa malori, wanaijua njia hii kama wanavyoijua njia ya kwenda sokoni.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika juu ya daraja hilo, na katika muda wa saa 24 hivi wakavuka kuingia Ngara watu wanaokaribia 250,000. Dunia ilikuwa haijapata kuona wakimbizi wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi hicho. Walikuja na magodoro vichwani, na masufuria, na mbuzi, na watoto migongoni. Na chini ya daraja, mtoni, ilikuwa ikipita miili ya watu waliouawa, ikichukuliwa na maji kuelekea Ziwa Victoria.

Ndugu Msomaji, habari za mauaji ya kimbari ya Rwanda zimeandikwa sana. Siasa zake zimeelezwa, na ukoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji uliotangulia umeelezwa, na vyeti vilivyowagawa watu kuwa Wahutu na Watutsi vimeelezwa. Sisi katika makala haya tunataka kutazama jambo moja ambalo wengi hulipita mbio, kwa sababu linaonekana dogo, nalo ni mpira wa miguu. Kwani katika msiba ule palikuwa na vijana waliotoka katika klabu ya kandanda wakawa wauaji, na palikuwa na klabu nyingine ya kandanda ambayo kwa sababu yake mtu alibaki hai. Mpira ulikuwa ni ule ule, na viwanja ni vile vile. Basi tofauti ilitoka wapi? Hilo ndilo swali letu, na ni swali linalotuhusu sisi wa pwani, wenye watoto wanaoshinda viwanjani.

KLABU YA MJI WA MFALME

Tuanze na klabu iliyookoa. Nyanza ni mji wa kusini mwa Rwanda, uliokuwa makao ya mwami, yaani mfalme wa nchi hiyo, kabla ya ufalme kuondoshwa. Katika mji huo, miaka ya 1960, ndipo ilipoundwa klabu iitwayo Rayon Sports. Rangi zake ni buluu na nyeupe, na watu wake wameipa jina la Gikundiro, maana yake mpendwa. Baadaye ikahamia mji mkuu, Kigali, na huko ikakuta mahasimu wakubwa, khasa Kiyovu, klabu iliyobeba jina la mtaa wa mji huo huo.

Kigali pana mtaa uitwao Nyamirambo. Mtaa huu tunautaja kwa sababu una damu yetu. Uislamu uliingia Rwanda kwa wafanyabiashara na askari waliotoka pwani zama za Wajerumani, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo umekuwapo tangu mwaka 1913. Wabelgiji walipotawala waliwatenga Waislamu hao katika kambi yao iliyoitwa Kambi ya Waswahili, ndiyo Biryogo ya leo. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, kwa hiyo watoto wa Kiislamu wengi wakakosa masomo na wakakosa vyeo. Wakabaki kuwa wachuuzi, madereva, mafundi na washoni, wakizungumza Kiswahili. Na hapo hapo Nyamirambo pakajengwa kiwanja cha mpira. Adhana na kelele za goli zikawa zinasikika katika mtaa mmoja.

Mashabiki wa Rayon walikuwa watu wa kila namna, Mhutu na Mtutsi na Mtwa, Mkristo na Mwislamu. Wiki chache kabla ya msiba, mwaka 1994, klabu hii ilikutana na Al-Hilal ya Sudan katika mashindano ya washindi wa vikombe ya Afrika. Al-Hilal si timu ya kuchezewa, nayo ilishinda Khartoum bao 1-0. Waliporudiana Kigali, Rayon ikashinda 4-1. Mji mzima ulitoka barabarani. Nchi ilikuwa katika vita na chuki ilikuwa imekwisha kupikwa ikaiva, lakini siku ile watu walikumbatiana bila kuulizana kabila.

Furaha hiyo haikudumu. Nasi hatuna budi kukumbuka kuwa miongoni mwa waliokumbatiana walikuwamo ambao muda mfupi baadaye walishika mapanga.

KLABU YA BURUDANI

Sasa tuitazame klabu ya pili. Kigali palikuwa na timu iliyoitwa Loisirs, neno la Kifaransa lenye maana ya burudani, au mambo ya mtu kujipumzisha. Ilikuwa klabu ya vijana kama zilivyo klabu zote. Mwaka 1991 Rwanda iliruhusu vyama vingi vya siasa, na chama tawala cha MRND cha Rais Juvénal Habyarimana kikaona kinapata upinzani kwa mara ya kwanza. Kikataka vijana wake. Je, vijana tayari waliokusanyika, wanaojuana, wenye viongozi wanaowatii, wanapatikana wapi? Wanapatikana kwenye mpira.

Ndivyo ilivyotokea. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi zake hapa petu Arusha mpaka mwaka 2015, ilielezwa namna vijana wa klabu za kandanda, Loisirs ikiwa mojawapo, walivyokuwa mbegu ya jumuiya ya vijana wa chama hicho iliyoitwa Interahamwe. Jina lenyewe halikuwa baya masikioni. Maana yake ni wale wanaoshikamana kwa pamoja. Rais wa jumuiya hiyo alikuwa Robert Kajuga, ambaye ametoka katika uongozi wa mpira. Na ajabu ni kuwa Kajuga mwenyewe alikuwa mtoto wa familia ya Kitutsi iliyojipatia vyeti vya Kihutu. Chuki haikumuuliza asili yake. Ilimtaka awe shabiki tu.

Tufikiri kidogo juu ya jinsi jambo hili linavyofanyika, kwani halifanyiki kwa siku moja. Klabu ina kiongozi, na vijana wamezoea kumtii. Ina sare, na mwenye kuvaa sare hujiona si mtu peke yake bali ni kundi. Ina nyimbo, na nyimbo za mpira siku zote zina upande wetu na upande wao. Ina magari ya kuwachukua mashabiki toka mahali mpaka mahali. Ina mtu mwenye fedha anayelipa chakula na soda, na baadaye pombe. Tena ina vijana wasio na kazi, ambao mchana wao ni mrefu na mfuko wao ni mtupu. Vitu vyote hivi si haramu peke yake. Lakini akija mwenye nia mbaya hana haja ya kujenga kitu kipya, kwani nyumba ameikuta imekwisha jengwa. Hubadilisha maneno ya nyimbo tu. Aliyekuwa mpinzani wa uwanjani anageuzwa kuwa adui wa taifa, na lililokuwa kuimba linakuwa kutukana, kisha kupiga, kisha kuua. Wanajeshi wakawapa vijana wale mafunzo ya silaha. Ilipofika mwaka 1993 ikafunguliwa redio ya RTLM, iliyochanganya muziki wa kupendeza na mizaha na sumu, na watu wakaisikiliza huku wakicheka.

Hivyo klabu ya burudani ikawa mlango wa jahanamu. Katika siku zipatazo 100, kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, waliuawa watu wasiopungua 800,000, na Serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja.

GOLIKIPA NA ALBAMU YA PICHA

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikitua Kigali. Siku hiyo zilikuwa zikichezwa nusu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Tunisia, na watu wengi mjini walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakitazama mpira. Kulipokucha, vizuizi vilikuwa vimekwisha wekwa njiani.

Golikipa wa Rayon Sports alikuwa kijana Mtutsi aitwaye Eric Eugène Murangwa. Watu wa mpira walimwita Toto, kwa kuwa aliingia timu ya wakubwa akiwa bado mdogo. Yeye mwenyewe ameyasimulia mara nyingi yaliyompata. Asubuhi ya pili askari waliingia nyumbani kwake wakitafuta silaha na maadui. Wakapindua vitu vyote, na katika kupindua ikaanguka albamu ya picha. Askari mmoja akaiona picha ya kijana aliyevaa jezi ya Rayon. Akauliza kama huyu ndiye Toto, mlinda mlango. Alipoambiwa ndiye, sura yake ikabadilika. Mtu aliyekuja kuua akaanza kuzungumza habari za mechi, na kijana akaachwa hai.

Baada ya hapo Murangwa alikimbilia kwa wachezaji wenzake, ambao walikuwa Wahutu. Wakamficha na wakagawana naye chakula walichokuwa nacho, ilhali walijua kuwa mwenye kukutwa amemficha Mtutsi huuawa pamoja naye. Na hatari ilipozidi, aliyempa ulinzi alikuwa ni mkubwa mmoja wa Interahamwe wa mtaa ule, ambaye pia alikuwa mtu mwenye cheo katika klabu. Murangwa akanusurika. Lakini katika jamaa zake waliuawa wengi, akiwemo ndugu yake mdogo ambaye alikuwa mtoto tu.

Ndugu Msomaji, wengi wakiisoma habari hii husema, tazama uzuri wa mpira, mpira umeokoa roho. Ni kweli, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila roho iliyosalimika. Lakini tusiharakishe. Yule askari aliyemwacha golikipa aliingia nyumba ya pili na ya tatu. Je, katika nyumba ya pili, ambamo hapakuwa na jezi ya buluu na nyeupe, mlikuwa na binadamu au hamkuwa na binadamu? Na yule mkubwa wa Interahamwe aliyemlinda mchezaji wake, je, watoto wa jirani waliostahili kulindwa walikuwa na kosa gani isipokuwa kwamba hawakudaka mpira wa Rayon?

Hapa ndipo penye mafunzo makubwa. Askari yule hakumhurumia mtu; alimhurumia mtu wake. Huruma ya namna hiyo ni huruma, lakini ina ukuta, na nje ya ukuta ule ni mauti. Ni asabiyya ile ile iliyoua, ila siku hiyo ilimwangukia kijana kwa upande wa salama. Wachezaji wenzake ni jambo jingine. Wao walikuwa na kundi jipya la kujiunga nalo, kundi la kabila lenye nguvu na silaha na redio, na kujiunga kwao kungewapa amani. Wakakataa. Walimjua Toto kwa jasho la mazoezi na kwa sahani moja ya chakula, wakaona haki ya ujuani huo ni nzito kuliko maisha yao. Hao walitumia klabu kama ngazi ya kufikia utu.

WALIOFUNGUA MILANGO

Na walikuwako waliofika mbali zaidi. Katika mtaa wa Biryogo na kwingineko nchini, Waislamu wengi waliwafungulia milango watu wasiowajua, Watutsi waliokuwa wakiwindwa, wakawaficha majumbani na misikitini. Waliofanya hivyo walikuwamo Wahutu na Watutsi waliokuwa wakiswali safu moja, wakakataa kutenganishwa. Mtu aliyegonga mlango usiku hakuulizwa timu yake wala dini yake. Baada ya vita habari hii ilienea Rwanda yote, na ikawa sababu ya watu wengi kuusogelea Uislamu, kwa kuwa waliona matendo kabla ya kusikia maneno.

Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwani haki haina upendeleo. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililoeneza chuki kwa miaka kadhaa, aliitwa Hassan Ngeze, na mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Jina zuri halikumzuia. Jina ni kama jezi: mtu huivaa asubuhi, lakini kinachotazamwa ni mchezo wake. Waliookoa hawakuokoa kwa sababu ya kuitwa Waislamu. Waliokoa kwa sababu waliyachukulia kwa dhati yale waliyofundishwa, kwamba mwenye kuua nafsi moja bila haki amebeba uzito kama aliyewaua watu wote.

MZIGO WA NGARA NA BIHARAMULO

Turudi sasa Rusumo. Watu wa Ngara, Wahangaza na Washubi, lugha yao inakaribiana sana na lugha za ng'ambo ya mto, na mpaka baina yao ulichorwa na wakoloni. Tangu mwaka 1993 walikuwa wamekwisha wapokea wakimbizi wa Burundi. Mwaka 1994 wakaamka wakakuta mji mpya umeota penye vilima vyao, mahali paitwapo Benaco, jina la kampuni ya Kitaliani iliyokuwa imejenga barabara. Kwa muda mfupi kambi hiyo ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Misitu ilikatwa kwa kuni, visima vikakauka, mashamba yakavunwa na wasioyalima. Barabara ya kupita Biharamulo ikawa haina usiku wala mchana kwa malori ya mahindi na maharage na mahema. Hata hivyo wenyeji waliwapokea wageni, na wema huo wa watu wa mashamba ya migomba haujaandikwa kama unavyostahili.

Lakini ule ugonjwa nao ulivuka daraja. Katika wale waliovuka, wengi walikuwa wanyonge, wanawake na watoto waliochukuliwa na mkondo. Na ndani yao walikuwamo waliotoka kuua, wakijificha katika umati. Mmoja wa waliofika Benaco alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Murambi. Mwezi wa Juni 1994 wahudumu wa wakimbizi walipotaka kumwondoa kambini, umati mkubwa uliwazunguka kwa vitisho, ukimtetea. Miaka ikapita, na mwaka 2011 mahakama ya Arusha ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Tujiulize: wale waliomtetea walikuwa wakitetea nini? Hawakuuliza amefanya nini. Waliona kuwa ni wao, nao ni wake, basi. Shabiki hauulizi mpira kama umevuka mstari. Huuliza umepigwa na nani.

Mwisho wa mwaka 1996 Serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na daraja la Rusumo likapitisha tena maelfu kwa maelfu, safari hii wakielekea magharibi. Ngara ikabaki na vilima vitupu, na kazi ya kuotesha miti upya.

KISIMA CHA MURAYSI

Mwenye kudhani kuwa mambo haya ni ya Rwanda peke yake, au ni ya zama hizi peke yake, na aisome sira. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa safarini na masahaba, katika vita vya Banu Mustaliq, penye maji ya Muraysi. Hapo Muhajir mmoja na Ansari mmoja waligombana, na mmoja akampiga mwenzake teke. Jambo dogo kabisa, kama rafu ya uwanjani. Mara mmoja akaita kundi la Ansari limsaidie, na wa pili akaita kundi la Muhajirina. Panga zilikaribia kutoka alani. Mtume aliposikia miito ile alitoka na kuuliza ni wito gani huu wa zama za ujinga, akawaambia wauache, kwa kuwa ni kitu kinachonuka.

Tuzingatie, ndugu zangu. Muhajirina na Ansari ni majina matukufu, na Qurani imewasifu wenye majina hayo. Wala Mtume hakuwaambia wayaache majina yao. Ansari walibaki Ansari mpaka siku ya kufa kwao. Alichokikataza ni kulifanya jina kuwa silaha, mtu anusuriwe kwa kuwa ni wa kundi letu, awe na haki au hana. Na katika mafundisho yake mengine ameeleza kuwa ndugu yako akiwa dhalimu, kumsaidia kwako ni kumzuia na dhuluma yake.

Hicho ndicho kipimo cha kuzipimia klabu zetu, na jumuiya zetu, na vyama vyetu, na hata koo zetu. Kundi lenye kumzuia mtu wake akikosea ni kundi la kheri. Kundi lenye kumficha na kumshangilia akikosea, hata kama limeitwa kwa jina la burudani, limekwisha anza safari.

MANENO KWA WAZEE

Sisi wa pwani ni watu wa mpira tangu zamani. Nyumba moja huwa na mtu wa Simba na mtu wa Yanga, na kaka humtania dada, na mke humtania mume, na chakula huliwa katika sinia moja. Utani huo ni neema. Ni njia ya kushindana bila kuumizana, na mwenye akili ataulinda. Hatuandiki haya ili vijana wakatazwe kucheza. Mwili wenye afya ni amana, na kijana aliye uwanjani alasiri, akarudi kuswali magharibi, yuko mahali pema kuliko aliye kijiweni.

Lakini mzazi asitosheke kujua kuwa mtoto amekwenda mpirani. Na aulize mambo matatu. La kwanza, nani anayelipa? Mwenye kununua jezi na mipira na kukodi gari bila kutaja haja yake, iko siku ataitaja. La pili, wanaimba nini? Nyimbo za kumcheka mpinzani aliyefungwa ni mchezo, lakini nyimbo za kumtukana kwa kabila lake, au rangi yake, au dini yake, hizo si za mchezo, na zinyamazishwe siku ile ile zinapoanza. La tatu, nani anayekosolewa? Kama katika klabu hapana mtu awezaye kumwambia kiongozi kuwa amekosea, basi hapo hapana klabu, pana jeshi linalosubiri amri.

Na wenye madrasa na wenye misikiti wasiwaachie wengine vijana hawa. Vijana wa Kigali hawakuzaliwa wauaji. Walikuwa na nguvu, na muda, na njaa ya kuwa watu wa maana, na aliyewahi kuwapa umaana huo alikuwa mtu muovu. Angewahi mwema, huenda historia ingeandikwa vingine.

BAADA YA MSIBA

Rayon Sports haikufa. Vita vilipokwisha, waliobaki walirudi Nyamirambo wakahesabiana, na nafasi za waliouawa zikaonekana wazi. Wakaanza kucheza tena, na watu wakajaa uwanjani, wengine wakigundua hapo hapo kuwa fulani bado yu hai. Mwaka 1998 klabu hiyo ilikuja Unguja katika mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, ikaifunga Mlandege 2-1 katika fainali na kuondoka na kombe. Wengi waliokuwa uwanjani siku ile waliona timu ngeni iliyowanyima kombe wenyeji. Ni wachache waliofikiri kuwa wanaotazamwa ni watu waliorejea kutoka makaburini. Na mwaka 2018 ikaja Dar es Salaam kucheza na Yanga katika Kombe la Shirikisho la Afrika, wakatoka bila kufungana, kisha Kigali Rayon ikashinda 1-0 na kuingia robo fainali.

Murangwa aliidakia pia timu ya taifa lake, baadaye akahamia Uingereza. Mwaka 2010 alianzisha jumuiya ya kuwafundisha vijana amani na kuvumiliana kwa njia ya mpira. Angeweza kutosheka na kusema kuwa jezi iliniokoa. Badala yake amezunguka akiwataja waliomficha, akawafundisha watoto kuwa mwenzio hulindwa kwa kuwa ni mtu, si kwa kuwa ni wa timu yako. Hiyo ndiyo shukrani ya kweli.

Na mto Kagera bado unaporomoka Rusumo. Maji yake yanazungusha mitambo ya umeme ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana kwa sawa, na malori ya bandari yetu yanapita juu ya daraja jipya. Maji yale yale yaliyobeba maiti leo yanawasha taa katika nyumba za watu wa ng'ambo zote mbili. Nguvu ya vijana ni kama nguvu ya mto huo. Haina kabila wala dini, nayo haisimami kumngojea mtu. Ni juu yetu sisi wazee kuijengea njia mapema, kabla hajatokea mwingine wa kuijengea njia yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa bila ya haki, awalipe kheri waliofungua milango yao usiku wa hofu, na atuhifadhi sisi na watoto wetu na kila wito unaonuka. Amin.